Roli la tepe kwa Sh 160,000: ninunue au nikate mwenyewe?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa nyumbani hapa Morogoro, nashona sare za shule na magauni ya vitenge. Nimeona kwenye video akina mama wa Marekani wakishona foronya na matandiko kwa roli za tepe za kitambaa zilizokwisha kukatwa. Wanafungua tu na kuanza kushona. Nimempata muuzaji mtandaoni anayeziagiza. Roli moja la tepe 40 anataka Sh 160,000 pamoja na usafiri. Nina mteja aliyeniomba foronya 10 za makochi, na mimi mwenyewe nataka kujishonea tandiko la kitanda cha tano kwa sita. Roli moja litanitosha? Na je, kuna njia ya kuzipata tepe hizo kwa bei nafuu? Hapa kitenge cha yadi sita nanunua Sh 30,000.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo hela usiitoe kwanza. Kaa na karatasi na kalamu tupige hesabu, kwa sababu biashara ya tepe hizi inataka hesabu kabla ya macho. Ukilitazama roli lilivyofungwa, rangi zimepangwa zikakolea, mkono unaenda wenyewe kwenye pochi.

Tuanze na kilichomo ndani ya roli. Kila utepe una upana wa inchi mbili na nusu, na urefu wake ni upana mzima wa kitambaa kilikotoka, yaani kama inchi 42 hadi 44. Zipo tepe 40, wakati mwingine 42. Sasa zipange tepe 40 ubavu kwa ubavu: 40 mara mbili na nusu ni inchi 100. Yadi moja ni inchi 36. Kwa hiyo roli zima, na uzuri wake wote, ni kitambaa kisichofika hata yadi tatu. Ni yadi 2 na robo tatu na kidogo juu yake.

Gawa Sh 160,000 kwa 2.78 upate bei ya yadi moja: zaidi ya Sh 57,000. Kitenge chako cha Morogoro, Sh 30,000 kwa yadi sita, ni Sh 5,000 kwa yadi. Hesabu hii moja ishike popote utakapokwenda, dukani au kwenye simu. Muuzaji akikutajia bei ya roli, ya furushi au ya kilo, wewe igeuze kwanza iwe bei ya yadi, ndipo uamue.

Sisemi kwamba Wamarekani wanadanganywa. Kwao roli la kampuni yenye jina huuzwa kati ya dola 40 na 50, na hata huko ukiligeuza kwa yadi utakuta ni ghali kuliko kitambaa hichohicho kikikatwa kutoka kwenye jora. Wanacholipia ni vitu viwili: kazi ya kukata, na aina nyingi za maua kwa mpigo mmoja. Mtu akitaka michoro 40 tofauti inayoelewana rangi, dukani angelazimika kununua vipande 40. Roli linampa yote mkononi. Faida hiyo ni ya kweli, nami naiheshimu. Ila wewe ni fundi, kukata unajua, na michoro mingi ipo njia ya kuipata bila kulipa nauli ya ndege na ushuru.

Kabla ya hapo nikujibu kama roli moja litatosha. Kwa foronya 10, ndiyo, linatosha barabara kwa upande wa mbele tu. Chukua foronya ya inchi 16 kwa 16. Ukishona tepe nane ubavu kwa ubavu kwa mshono wa robo inchi, kila utepe hubaki na inchi mbili zinazoonekana, na mbili mara nane ni 16. Kila utepe unaukata vipande viwili vya inchi 16 na nusu, kinabaki kipande cha inchi 10 hivi cha kuweka akiba. Hivyo foronya moja inakula tepe nne, na foronya 10 zinakula tepe 40. Kwa tandiko, hapana. Godoro la tano kwa sita ni inchi 60 kwa 72. Tepe 40 zikishaunganishwa hazifuniki hata juu ya godoro. Utahitaji kama 50 kwa juu peke yake, na ukitaka tandiko lining'inie futi moja pande tatu, zaidi ya 80. Kwa bei ya muuzaji wako hayo ni maroli mawili na kitu.

Nimetaja mshono wa robo inchi na hapo nataka nikusimamishe kidogo, maana unashona sare. Kwenye sare tumezoea kuacha nusu inchi na zaidi, ili mtoto akikua nguo ifumuliwe. Ukileta mkono huo kwenye tepe, kila utepe utabaki inchi moja na nusu badala ya mbili, na tepe zako nane zitakupa inchi 12 badala ya 16. Robo nzima ya upana ulioutarajia inapotea ndani ya mishono. Kabla ya kuhangaika na bei ya dukani, bandika kipande cha plasta kwenye kitanda cha cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, kitambaa kiwe kinapita kimegusa ukingo wa plasta hiyo. Punguza pia urefu wa hatua ya mshono, kwa kuwa mshono wa robo inchi hauna pa kushikia ukianza kufumuka.

Sasa michoro mingi kwa bei ndogo. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kushirikiana, na akina mama tunaijua tangu zamani kwenye upatu na vikoba. Tafuta mafundi wenzako watano, mwe sita. Kila mmoja anunue kitenge kimoja cha yadi sita, mkikubaliana kwanza rangi zinazoongoza, tuseme bluu na njano, au kahawia na machungwa, na mtu asilete mchoro wa mwenzake. Kila mtu akate kitenge chake vipande sita vya yadi moja moja, agawe vitano, abaki na kimoja. Kila mmoja amelipa Sh 30,000, ameondoka na yadi sita zilezile, lakini za michoro sita. Yadi moja hutoa tepe 14; kikishafuliwa kikarudi nyuma hesabu 13. Sita mara 13 ni tepe 78. Hayo karibu ni maroli mawili, na mgao wako ni Sh 30,000.

Ukiwa peke yako na una safari ya Dar, nenda Kariakoo, lakini ujue unaingia kwa nani. Maduka ya jumla hawakati. Watakupa pisi nzima au hawatakuuzia. Unaowatafuta ni wa rejareja wanaopima kwa yadi, na hasa mwulize muuza duka kama ana ncha za majora, ule mwisho unaobaki yadi moja au pungufu ambao hakuna mteja wa gauni anayeutaka. Kwa mwenye duka ncha hiyo inakalia nafasi. Kwako wewe ni tepe 10 za mchoro ambao usingeupata vinginevyo. Usiulizie moja moja; mwambie akutolee zote alizonazo, uzipange mezani, ndipo mpatane bei ya mzigo mzima. Waliopo Mombasa wana Mtaa wa Biashara, na wa Kampala wana Kiyembe. Utaratibu ni huohuo.

Halafu kuna mabaki ya mafundi. Kila kibanda cha cherehani kina gunia la vipande chini ya meza, na gauni la kitenge huacha vipande virefu pembeni mwa sketi na kati ya mikono. Hapa bei hutajwa kwa kilo au kwa mfuko, na ndipo wengi hupigwa. Fanya hivi: chukua yadi moja ya kitenge chako, ipime kwenye mzani wa duka la nafaka, ukumbuke uzito wake. Kitenge cha kawaida cha pamba utakuta yadi saba hivi zinaingia kwenye kilo moja. Lakini mabaki si yadi kamili. Kuna vipande vya ukubwa wa kiganja, kuna kona za shingo, kuna vyenye mshono. Ukihesabu kwamba nusu tu ya kilo ndiyo itakayokatika kuwa tepe, hutajidanganya. Ingiza mkono mpaka chini ya gunia kabla hujalipa, maana vizuri huwekwa juu. Na tepe fupi zisikutishe: kwa foronya unahitaji inchi 16 na nusu tu, hivyo kipande cha inchi 17 kina thamani sawa na nusu ya utepe wa dukani.

Jambo moja la adabu ya kazi. Mabaki ya kitenge cha mteja ni ya mteja, na wapo wanaoyadai mpaka kipande cha mwisho. Ukitaka kuyatumia kutoka kwenye meza yako mwenyewe, mwombe wakati wa kuchukua vipimo. Wengi watakuachia kwa moyo mweupe, hasa ukimtengenezea kishika sufuria kidogo kama shukrani.

Rangi tulivu za kupumzisha macho katikati ya maua, nyeupe, maziwa, kijivu, zitafute kwenye mitumba ya mashuka. Watu wa viraka, yaani washonaji wa kuunganisha vipande vya vitambaa kama hivi, hawaizungumzii sana njia hii nami sielewi kwa nini, maana ndiyo yenye faida kubwa. Shuka la sentimita 200 kwa 230 ni inchi 79 kwa 90. Ukilikata kwa urefu unapata tepe 31 za inchi 90, na kila moja ikikatwa katikati ni tepe 62. Hilo ni roli moja na nusu kutoka shuka moja lililotumika. Angalia lebo kwenye kona uone kama ni pamba tupu. Liinue kwenye mwanga: katikati, pale mgongo wa mtu ulipokuwa unalala, mara nyingi pameliwa na kuwa pepesi, sehemu hiyo iache, kata pembeni. Shuka laini lenye ufumaji mnene hukata vizuri kuliko vitambaa vingi vipya.

Kuhusu khanga niseme kwa tahadhari. Khanga ni nyepesi kuliko kitenge, na utepe wa khanga ukishonwa kando ya utepe wa kitenge huvutwa, mstari unapinda. Ukizitaka, shona khanga kwa khanga. Uzuri wake ni kwamba kipande kimoja kina pindo na mji, hivyo unapata tepe za sura mbili au tatu tofauti kutoka nguo moja, na doti ina vipande viwili. Jina la khanga usilikate katikati tafadhali. Litoe zima, liwe kifua cha foronya, uzungushie tepe. Mteja wa kwetu analisoma kabla hajaangalia mshono.

Umakini wako wote uweke kwenye kujua kama kitambaa ni pamba. Vitenge vingi vilivyoandikwa pamba tupu si pamba tupu, na kwenye kazi ya tepe tofauti inaonekana kuliko kwenye gauni, kwa sababu hapa unapiga pasi ya moto kila baada ya mshono. Chomoa nyuzi chache pembeni, uzichome kwa kiberiti ukizishika kwa koleo juu ya sinki. Pamba huungua upesi, hunuka kama karatasi, na kuacha majivu mepesi yanayosagika vidoleni. Nailoni na polyester hunywea, huyeyuka, na huacha punje ngumu. Vikichanganywa pamoja utaona vyote viwili, majivu na punje. Kitambaa cha namna hiyo si kibaya kwa kila kitu, ila usikichanganye na pamba kwenye kazi moja. Pasi ikipita, kimoja kitajikunja na kingine kitabaki.

Rangi nayo ijaribiwe. Lowesha kona, isugue kwa kitambaa cheupe. Nyekundu iliyokolea na bluu ya nili ndizo za kuogopa. Kisha ufue kitenge chote kabla ya kukata, kiachie maji na ule ugumu wa dukani. Ukishakifua kitalegea, hivyo kitie kanji nyepesi na ukipige pasi kikiwa na unyevu. Kitambaa chenye kanji hukatika kwa mstari safi. Hapa ndipo tepe zako zinapozishinda za roli, kwa sababu zile za roli hazifuliwi kabla ya kushonwa. Ukizitia kwenye maji zinachanika nyuzi pembeni na kujisokota, hivyo mshonaji hulazimika kuzishona zikiwa hazijarudi nyuma, akaomba Mungu rangi isitoke siku ya kwanza ya kufua.

Kukata si lazima uwe na kile kisu chenye wembe wa mviringo unaozunguka, ingawa ukipata hela baadaye kinunue pamoja na ubao wake, kitakulipa. Kwa sasa chana. Pamba iliyofumwa kawaida, ukiikata kidogo pembeni kwa mkasi na kuivuta kwa mikono miwili, huchanika ikifuata mshindio, na mstari huo ni mnyoofu kuliko wowote utakaochora kwa chaki. Chana kwa upana wa inchi mbili na robo tatu, kwa kuwa ukingo wa kuchana hulegea nyuzi chache, kisha piga pasi na upunguze kwa rula na mkasi hadi mbili na nusu. Mchoro wa kitenge wakati mwingine umepigwa upande kidogo kuliko ufumaji. Kwa maua ya duara hutaona kitu, lakini kwa mchoro wa mistari utaona, hivyo ule ukate kwa rula kufuata mchoro. Ukikata kwa kukunja, pindo kwa pindo, hakikisha rula imekaa mraba na mkunjo. Ikipotoka kidogo tu, utepe ukiufungua utakuta una kigoti, yaani kona iliyopinda, katikati, na kigoti hakinyoshwi na pasi.

Wapo wenye ndugu Ulaya au Marekani anayerudi likizo, na wewe huenda unaye. Akikuuliza akuletee nini, tepe ni mzigo mwepesi, chini ya nusu kilo. Mwambie asitafute kwa jina la Jelly Roll peke yake, maana hilo ni la kampuni ya Moda. Robert Kaufman huziita Roll Up, Riley Blake huziita Rolie Polie, na Hoffman wana Bali Pops za batiki. Zote ni inchi mbili na nusu. Atafute zile za toleo la msimu uliopita, maduka yanapoziteremsha bei kupisha mapya. Na kwenye masoko ya mtandaoni, soma vipimo kabla ya picha. Kuna maroli ya bei ya chini sana yanayotangaza tepe 40, ukisoma chini unakuta kila utepe una sentimita 50 tu, chini ya nusu ya urefu. Mengine yana tepe 20. Upana wa sentimita 6.5 ni kama inchi mbili na nusu. Ukiona 5, kazi yako yote ya hesabu inabadilika.

Turudi kwenye kazi yako ya foronya 10, kwa kuwa mteja anasubiri. Ukiamua kununua kitambaa kipya tu, yadi tatu na robo za kitenge zinatoa tepe zote 40 hata baada ya kufua, kama Sh 16,000 kwa bei yako, yaani Sh 1,600 kwa kila foronya. Kwa roli la muuzaji ingekuwa Sh 16,000 kila moja, na bado hujanunua kitambaa cha nyuma. Cha nyuma chukua rangi moja, yadi mbili na nusu. Kata vipande 20 vya inchi 10 na nusu kwa 16 na nusu. Vinne vinakaa kwenye upana wa kitambaa. Kila foronya inapata viwili, unakunja ukingo mmoja wa kila kimoja, unavilalisha kimoja juu ya kingine ili mto uingie katikati bila zipu. Vitapishana inchi mbili na nusu hivi, basi weka kifungo kimoja usije mto ukachungulia.

Kwa bei ya kumtajia mteja, weka saa zako za kukata kama kitu kinachojitegemea, usizimeze ndani ya ushonaji. Kule Marekani watu wanakubali kulipia ukataji, ndiyo maana roli lina bei ile. Na ukishakata tepe za foronya, zilizobaki kwenye mgao wako wa 78 zikunje kwa rangi, uzifunge, uandike idadi na urefu juu yake. Tandiko lako lianzie hapo. Zimebaki kama 38, na kwa juu ya godoro unazihitaji 50.